Shahada kwa Mkopo, au Kuanzia kwenye Stashahada?

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, wageni wa namna moja huja kuketi barazani petu hapa Mjini Unguja. Mbele huja mzazi, na nyuma yake kijana aliyeshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna karatasi mbili: moja ni barua ya kuitwa chuoni, na ya pili ni habari ya mkopo. Baada ya salamu na kahawa, swali huwa lile lile: Je, mtoto aende chuo kikuu kwa kukopa, au aanzie katika chuo cha stashahada kilicho karibu na nyumbani, na shahada ije baadaye? Mwezi huu twalichukua swali hilo liwe somo letu. Twawaomba wazazi na vijana walisome pamoja, wakiwa na kalamu na karatasi, maana somo hili ni la hesabu kuliko la maneno.

Tuanze na wageni wetu wa mwaka jana, tusiwataje majina. Mama ni mjane, auza vitumbua na chai karibu na soko la Darajani. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri katika fizikia na hisabati. Pamoja nao alikuja mjomba wake binti, fundi wa umeme katika hoteli moja huko Nungwi, mtu wa maneno machache na msimamo mkali.

Binti huyu alikuwa na sababu yake ya kutaka uhandisi wa majengo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Yeye alikuwa bado mtoto wa skuli. Alituambia ya kuwa siku zile alikwenda Forodhani mara tatu kutazama kifusi, na mara zote alikuwa na swali moja tu kichwani: ukuta mnene namna ile, uliosimama zaidi ya miaka mia, umeangukaje? Basi alipoitwa na chuo kikuu kimoja huko Dar es Salaam kusomea shahada ya majengo kwa miaka 4, aliona swali lake limepata mlango.

Lakini mama yake alikuwa na hofu.

"Baba Mchungaji," akasema, "mimi siogopi kazi, naogopa kutia sahihi. Marehemu aliniachia deni la dukani, nikalilipa miaka mitatu, kitumbua kwa kitumbua. Sasa karatasi hii yataka mdhamini."

Mjomba akadakia, "Dada, deni la elimu si deni la unga na sukari. Mtoto ana alama za chuo kikuu, atakwendaje kukaa na watoto wa stashahada? Watu watasema ameshindwa."

Hapo tukaona ya kuwa nyumba moja ina hofu mbili, ya deni na ya aibu, na hakuna aliyekuwa amepiga hesabu. Tukaomba daftari.

Kwanza yafaa mjue mkopo wenyewe ni kitu gani. Hapa Unguja na Pemba wazee wakumbuka tangazo la tarehe 23 Septemba 1964, ambalo kwalo elimu ilitolewa bure. Lakini chuo kikuu ni jambo la gharama nyingine. Upande wa Bara, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Zanzibar nayo iliunda Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu mwaka 2011. Kila moja ina masharti yake, na mwombaji ayasome ya ile aiombayo, asisikilize ya jirani aliyekopa kwingine.

Mkopo wa Bodi ya Bara haulipwi wakati wa kusoma. Mkopaji apatapo ajira, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Kiasi hicho kiliwekwa mwaka 2016, na kabla yake kilikuwa 8. Zamani deni liliongezeka pia kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kutunza thamani ya mkopo. Wengi walilia juu ya tozo hiyo, maana walilipa na deni likazidi kukua. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa siku ya Mei Mosi mwaka 2021. Twasema haya kwa kuwa vijana wengi husoma habari za Marekani, ambako mkopo wa chuo huzaa riba na kumfuata mtu hata uzeeni, wakadhani ndivyo ulivyo na huku. Deni la huku ni zito, lakini halizai namna ile.

Basi, hesabu. Namba hizi ni za kufundishia. Kila nyumba iweke zake. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Chakula na malazi tuseme 10,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo, ni 2,400,000. Vitabu na vikorokoro 100,000. Mwaka mmoja ni 4,000,000, na miaka 4 ni 16,000,000. Tazameni kwanza jambo hili: si ada ilayo fedha nyingi, ni chakula na chumba. Kijana akaaye Jang'ombe au Kikwajuni akasoma Tunguu au Vuga, akarudi kwao jioni kula wali wa mama yake, amekwisha kupunguza sehemu kubwa ya deni kabla hajakopa. Tulimwuliza binti kwa nini hakuomba nafasi hata moja hapa kisiwani. Akainama. Alisema wenzake wote waliandika vyuo vya Bara, naye akaandika kama wao. Zamani hilo lingeeleweka, kwa kuwa kabla ya mwaka 1998 visiwa hivi havikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na mwenye kutaka shahada alivuka bahari. Lakini mwaka ule kilianzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, na chuo cha ualimu huko Chukwani ambacho leo ni chuo kikuu. Kisha sheria ya mwaka 1999 ikaunda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwaka 2023 Wahindi wa Madras, wenye chuo mashuhuri cha teknolojia, walifungua tawi lao Bweleo. Kuomba nje tu, bila kuangalia kwanza kilichopo nyumbani, ni kosa tulionalo kila mwaka.

Turudi kwenye daftari. Tuseme mkopo ungalitolewa wote, 16,000,000, na binti akapata kazi ya mshahara wa msingi wa 800,000. Asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi. Deni lingelipwa kwa miezi 134, ndiyo miaka 11 na miezi 2. Mama alishika shavu.

Lakini karatasi iliyokuwamo katika bahasha haikutoa yote. Si kila apewaye hupewa yote. Bodi hupima hali ya nyumba, ikatoa kwa kadiri ionavyo. Huyu alipewa kadiri ya asilimia 60. Kwa namba zetu, hiyo ni 9,600,000, ambayo kwa mshahara ule ingelipwa kwa miezi 80. Zimebaki 6,400,000, nazo hazina Bodi wala mwajiri. Hizo ni 1,600,000 kila mwaka, kutoka mfuko wa mama. Tukagawanya kwa siku 365, ikawa karibu shilingi 4,400 kila siku, Jumapili na sikukuu, mvua ya masika na jua, kwa muda wa miaka 4.

Mama akalitazama daftari kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Siku njema napata faida ya elfu tisa. Nina wadogo zake wawili."

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo penye somo, nasi twaomba mtue kidogo. Mama yule alikuwa akiliogopa deni ambalo lingengoja mpaka mtoto awe na mshahara. Ile sehemu isiyokopwa, ambayo hainge­ngoja hata wiki moja, hakuwa ameiona. Katika miaka yetu ya kazi tumewajua vijana waliorudi nyumbani kutoka chuo kikuu kabla ya kumaliza. Wachache walirudi kwa kushindwa mitihani. Wengine walirudi katika mwaka wa pili au wa tatu kwa kukosa ile sehemu ya nyumbani: chumba kilidaiwa kodi, chakula kikawa mlo mmoja, ada haikukamilika, na mtihani haukufanywa. Mtu wa namna hiyo ana deni la miaka miwili na hana shahada. Kati ya hali zote za elimu twaona hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, mbaya kuliko kutokwenda kabisa.

Je, basi stashahada ni dawa? Hapa nako tusidanganyane.

Huko Marekani wana vyuo wanavyoviita vya jamii. Cha zamani kilichosalia miongoni mwa vile vya umma ni cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Kijana huanza hapo kwa ada ndogo, hulala kwao, husoma miaka 2, na masomo yake yakikubaliwa huhamia chuo kikuu kuendelea na mwaka wa tatu. Kwa hiyo kwao miaka ile 2 ni nusu ya shahada. Watu wa kwetu wasikiapo habari hiyo hufikiri ya kuwa stashahada ya huku ni vile vile. Sivyo. Huku mwenye stashahada akiingia chuo kikuu, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza, sawa na atokaye kidato cha sita. Binti wetu akisoma stashahada kwa miaka 2 au 3, na kisha shahada ya miaka 4, atakuwa ametumia miaka 6 au 7. Asemaye kwamba ngazi ya stashahada huokoa miaka hakupiga hesabu.

Faida yake ni nyingine. Stashahada ya huku si nusu ya kitu, ni kitu kizima. Mwenye stashahada ya ujenzi ni fundi sanifu. Anaweza kuajiriwa, anaweza kupima kiwanja, kusimamia mafundi, kusoma ramani ya nyumba. Akiishia hapo, ana kazi. Akitaka kuendelea, huenda chuo kikuu akiwa na mshahara nyuma yake, na mikono iliyokwisha kushika saruji na chokaa. Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: kijana ajiulize, "Nikiishia kwenye stashahada hii maisha yangu yote, je, nitaridhika na kazi yake?" Kama jibu ni hapana kabisa, aifikirie upya, maana haifai kupita miaka 3 mahali usipopataka ukitumaini ya mbele tu.

Na mlango wa kuendelea una kufuli lake. Tume ya Vyuo Vikuu hutaka mwenye stashahada awe na wastani usiopungua 3.0, yaani alama ya B. Anayepita kwa alama za chini amepata kazi, lakini mlango wa shahada umemfungia. Tena stashahada iwe ya chuo kilichosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na somo lake liwe lile lipokewalo na shahada aitakayo. Juu ya jambo hili twaona uchungu wetu wenyewe. Katika ujana wetu tulisoma mwaka mzima katika chuo fulani, tusichokitaja, tukapewa cheti chenye muhuri mwekundu mzuri sana. Tulipokipeleka mahali pa kuendelea na masomo, karani alikigeuza nyuma na mbele, akauliza kama tuna kingine. Hatukuwa na kingine. Mwaka ule ulipotea, na fedha za baba yetu, aliyeuza ng'ombe, zilipotea nao. Kosa letu lilikuwa moja: hatukuuliza kabla ya kuingia.

Sasa tumjibu mjomba juu ya aibu, kwa sababu aibu huvunja hesabu nyingi nzuri. Makerere, ambako Waunguja wengi wa zamani walikwenda kutafuta elimu ya juu, ilianza mwaka 1922 kama skuli ya ufundi, yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ilifika mwaka 1949 ndipo ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya chuo kikuu cha London. Mombasa nako, chuo kilichoanzishwa miaka ya mwisho ya 1940 kwa msaada wa Aga Khan na Sultani wa Unguja, ili vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki wajifunze ufundi, kilikuwa chuo cha ufundi kwa muda mrefu, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Vyuo vyenyewe vilipanda ngazi, wala havikuona haya.

Na kama mjomba anataka mtu, yupo mtu wa kusini mwa Unguja ambaye kila mmoja amjua. Rais Samia alimaliza sekondari mwaka 1977, akaanza kazi ya ukarani serikalini, akachukua mafunzo mafupi huku akifanya kazi. Mwaka 1986 alipata stashahada ya juu ya utawala wa umma huko Mzumbe, wakati ambapo Mzumbe haikuwa bado chuo kikuu. Kati ya mwaka 1992 na 1994 alisoma Manchester, Uingereza, na shahada yake ya uzamili aliipata mwaka 2015 kwa njia ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pamoja na chuo kikuu kimoja cha Marekani. Mjomba alicheka, akasema, "Baba Mchungaji, hiyo ni miaka thelathini na minane!" Ni kweli, hatukuificha hesabu hiyo. Tulitaka tu aone ya kuwa hakuna aliyeuliza kama karani wa mwaka 1977 alikuwa ameshindwa.

Mtatuuliza, mlimshauri nini? Tulisema wazi. Kama mkopo ungalikuwa wote au karibu wote, tungalimwambia mama atie sahihi siku ile ile, na binti apande boti, kwa kuwa alama zake ni nzuri na anajua anachokitaka. Deni la miaka 11 kwa mwenye kazi ya uhandisi halimwui mtu. Na kijana asiyejua bado anataka kusomea nini, hata akipewa mkopo wote, tungalimwambia asikopeshwe kwa ajili ya kutafuta njia. Huyu wa kwetu alijua njia, ila nyumba yake ilipungukiwa 4,400 kila siku. Kwa hiyo tulimwonyesha Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoko Mbweni, mwendo wa daladala kutoka kwao, afundishwe ujenzi na kulala nyumbani. Tena tukawaambia waulize habari ya mikopo ya stashahada, kwa maana tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024 Bodi ya Bara huwakopesha na wanafunzi wa stashahada katika masomo kadhaa yaliyochaguliwa, jambo ambalo wengi hawalijui.

Njia ya tatu ilikuwapo pia, nayo twaitaja kwa haraka: kuomba chuo kikuu tena mwaka unaofuata, safari hii hapa nyumbani, na kukata rufaa juu ya kiasi cha mkopo kwa kupeleka vyeti vyote. Cheti cha kifo cha baba yake kilikuwa hakijahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na yatima asiyeonyesha cheti hupimwa kama mtoto mwenye baba. Hilo peke yake lingeweza kubadili namba. Wazazi, vyeti hivyo visingoje Oktoba. Mwezi wa Machi ni mzuri.

Binti hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Na huko Mbweni watanifundisha habari ya chokaa? Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, si za saruji." Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aliandike swali hilo liwe la tatu, baada ya yale mawili tuliyompa: kama chuo na kozi vimesajiliwa, na kama stashahada hiyo yapokewa na shahada ya majengo.

Mjomba hakuridhika kabisa, na huenda hajaridhika mpaka leo. Lakini alitoa noti ya nauli. Siku ya Jumatatu mama alifunga biashara mapema, jambo asilolifanya ila kwa msiba, nao wakapanda daladala ya Mbweni, lile daftari likiwa mkobani, na maswali matatu yameandikwa juu ya jalada lake kwa wino wa buluu.